Kadi ya Manjano na Ushahidi wa Uwongo

Swali limeletwa katika darasa yetu, na kabla ya kuletwa lilikuwa limekwisha kuzungumzwa sana mabarazani, nalo ni hili: Mtu ataka kusafiri, akaambiwa kuwa nchi anayokwenda yataka cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Asende kuchanjwa. Akatoa fedha, akaandikiwa kadi, ikapigwa muhuri, akaitia mfukoni akenda zake. Je, mtu huyu amefanya dhambi mbele ya Mwenyezi Mungu, au amevunja kanuni ya serikali tu, mfano wa aliyepanda baiskeli usiku bila ya taa?

Mwenye kuuliza hakuuliza kwa ubishi. Alisema kuwa yeye hamjui mtu aliyedhurika kwa kadi ya kununua, wala hajapata kusikia khutba hata moja iliyolitaja jambo hili. Na hilo la pili twalisadiki. Khutba za riba twazisikia, na za mavazi ya wanawake twazisikia mpaka tumezihifadhi, lakini karatasi ya manjano haijapanda mimbari. Basi twaona ni wajibu kulitazama swali hili kwa urefu wake, tusilijibu kwa neno moja.

Huenda msomaji wa Mombasa au wa Lamu akadhani kuwa cheti cha chanjo ni shauri la mwenye kupanda ndege kwenda Makka au Maskati. La. Na autazame mpaka wa magharibi. Lwakhakha ni mji mdogo katika kaunti ya Bungoma, chini ya mlima Elgon, ambao wenyeji wauita Masaba. Mto wenye jina hilo hilo ndio mpaka wa Kenya na Uganda, na ng'ambo ya mto kuna Lwakhakha nyingine, ya wilaya ya Namisindwa. Wabukusu wa huku na Wagisu wa kule ni watu wa asili moja, lugha zao zasikilizana, na wao huoana na kuzikana na kualikana katika tohara za vijana wao tangu mpaka haujawekwa. Mama avukaye asubuhi na mkungu wake wa ndizi akarudi jioni hajioni kuwa amesafiri nchi za nje, amekwenda sokoni. Lakini kwa mtu wa pwani hiyo ni safari kamili. Wako vijana wetu wanaokwenda Mbale kusoma katika Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichofunguliwa mwaka 1988, na wako wafanya biashara wa nguo na wa nafaka, na njia zao ni Busia, au Malaba, au hiyo Lwakhakha ambayo haina msongamano wa malori. Kanuni ya Uganda humtaka mgeni aingiaye awe na cheti cha homa ya manjano, na Kenya nayo humtaka cheti yule atokaye katika nchi zenye ugonjwa huo.

Na hapo ndipo mwenye kununua kadi huishika hoja yake, nayo si hoja dhaifu. Husema: kama yule mama wa ndizi huvuka kila siku asiulizwe kadi, na ndugu yake huvuka kwa miguu mtoni pahala pasipo na askari, basi hiyo kadi yangu yazuia nini? Ugonjwa ungekuwa wapita, ungepita kwao. Mimi nalazimishwa kwa kuwa nimeshika begi.

Kumjibu mtu huyu hatuna budi kwanza kuujua ugonjwa wenyewe. Homa ya manjano haiambukizwi kwa kukaa pamoja wala kwa kula sahani moja. Ni virusi vinavyokaa katika nyani na kima wa misituni, na mbu ndio wanaovichukua. Katika miaka ya 1940 wataalamu wa taasisi ya utafiti iliyofunguliwa Entebbe mwaka 1936 kwa ajili ya ugonjwa huu walikwenda Bwamba, magharibi ya Uganda, wakaona jambo la ajabu: kima hutoka msituni kuja kuiba ndizi mashambani, na kuna mbu anayezaliwa katika maji yanayokusanyika kwenye makwapa ya majani ya mgomba, mbu huyo humuuma kima kisha akamuuma mwenye shamba. Hivyo ndivyo ugonjwa utokavyo msituni ukaingia nyumbani. Mtu akishaumwa hukaa siku 3 mpaka 6 hana habari, kisha homa humshika, na katika siku zile za mwanzo za homa damu yake imejaa virusi, na kila mbu wa namna hiyo atakayemuuma huondoka navyo. Wengi hupona. Lakini kuna wale ambao ugonjwa huwarudia kwa nguvu, macho yao yakageuka manjano na damu ikawatoka, na katika hao kiasi cha nusu hufa kabla ya siku 10 kwisha. Dawa ya kuuponyesha haipo. Iliyopo ni chanjo, na chanjo hiyo, iliyotengenezwa na Max Theiler katika miaka ya 1930, ni sindano moja tu maisha.

Basi sasa rudi kwenye hoja. Yule mama wa ndizi akishikwa na homa, hushikwa nyumbani kwake, na hospitali ya karibu nae yaujua ugonjwa huo, na upande wa Uganda watoto wake huchanjwa katika chanjo za kawaida tangu mwaka 2022. Lakini wewe mtu wa begi hulali Lwakhakha. Wewe wapanda basi Bungoma, na kabla ya siku mbili kupita umo Mji wa Kale wa Mombasa, umelala chini ya dari ya babu yako, na damu yako haijaanza hata kupata joto. Na mbu gani walioko Mji wa Kale? Ni Aedes aegypti, yule mwenye miguu ya madoadoa anayeuma mchana, na huyo ndiye mchukuzi mkubwa wa homa ya manjano katika miji yote ya dunia. Huzaliwa katika birika zetu, na mitungi yetu, na magurudumu mabovu tuliyoyaacha uani. Na watu wa miji yetu, walio wengi, hawajachanjwa, kwani nchini Kenya chanjo hii haikutiwa katika chanjo za watoto wote. Hutiwa katika kaunti chache za khatari, kama Baringo na Elgeyo Marakwet, zilizopatwa mwaka 1992 na 1993.

Mwenye kusema kuwa haya ni ya kutishana na akumbuke Lamu. Mwaka 2004, baada ya ukame ambao watu walihifadhi maji majumbani, iliingia Lamu homa ya chikungunya, na waliopimwa baadaye walionekana kuwa kiasi cha robo tatu ya mji walikuwa wameipata. Mwaka uliofuata ikaonekana Visiwa vya Ngazija, kisha Réunion. (Jina lenyewe la homa hiyo ni la Kimakonde, la kujikunja kwa maumivu ya viungo, na kidingapopo nayo ni homa ya mbu huyu huyu, kwa jinsi tulivyozoeana naye tumempa hata majina ya maradhi yake.) Mombasa ilipata kidingapopo mwaka 2013, na chikungunya mwishoni mwa mwaka 2017. Homa mbili hizo haziui sana. Lakini mlango zilioingilia ni ule ule ambao homa ya manjano yaweza kuingilia, nayo yaua. Mwaka 2022 ilionekana Isiolo na Garissa, na Garissa ni jirani ya Lamu na Tana River.

Kwa hivyo ile kauli ya kuwa hakuna aliyedhurika haisimami. Mwenye kununua kadi hawezi kumjua aliyemdhuru. Yeye humuuma mbu, mbu humuuma jirani, na jirani huzikwa pasiwe na mtu wa kuziunganisha habari hizo mbili. Mwaka 2016 ugonjwa ulipoenea Angola, walikuja Nairobi wasafiri wawili wakiwa nao, na katika nchi ya China walipatikana wafanyakazi 11 waliorudi nao kutoka huko huko Angola, bara ambalo tangu kuumbwa kwake haujapata kuenea. Hao wote walipita katika viwanja vya ndege vyenye meza za kukagulia vyeti. Ama walikuwa hawana, ama waliachiliwa, ama waliyokuwa nayo hayakuwa na ukweli. Sisi hatuwahukumu, lakini meza haikuzuia kitu. Kinachozuia ni kile kilichomo mwilini, na karatasi ni habari tu ya kilichomo.

Na hapa ndipo penye roho ya jambo. Msomaji na aifungue kadi yake aisome. Wengi wetu tunayo na hatujapata kuisoma. Imeandikwa kwamba mtu fulani, aliyezaliwa siku fulani, *ambaye sahihi yake ni hii*, amechanjwa tarehe fulani; kisha kuna sahihi ya tabibu na muhuri wa kituo. Sahihi ni mbili. Ya tabibu ni ushahidi wa tabibu. Ya kwanza ni ya nani? Ni yako wewe. Basi aliyenunua kadi hakununua ruhusa, kama mtu anunuavyo tikiti ya kivuko; ameshuhudia kwa mkono wake mwenyewe jambo ambalo ajua kuwa halikuwa, na amemlipa mtu wa pili naye ashuhudie pamoja naye. Hiyo kwa Kiarabu yaitwa shahadatu zzur. Na wote waliosoma wajua kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoyahesabu madhambi makubwa alikuwa ameegemea, na alipofika kwenye ushahidi wa uwongo aliketi kitako, akalikariri neno hilo mpaka masahaba wakatamani anyamaze. Sisi twauchukulia ushahidi wa uwongo kuwa ni wa mahakamani tu, penye Kadhi na mas-hafu. Lakini hatukuona mwanachuoni aliyesema kuwa uwongo ukiandikwa na kupigwa muhuri hupungua.

Wako watakaosema: yote hayo ni kukosa tawakkuli; ugonjwa ni wa Mungu na ajali haisogei. Maneno haya hupendeza sana mdomoni, khasa mdomoni mwa mtu ambaye hataki kwenda kupanga foleni. Twamkumbusha khabari ya Sayyidna Umar bin Khattab katika mwaka wa 17 au 18 wa Hijra, alipotoka Madina kwenda Sham na jeshi, akafika pahala paitwapo Sargh, akaletewa khabari kuwa tauni imeingia Sham. Aliwashauri Muhajirina wakakhitilafiana, akawashauri Ansari wakakhitilafiana, kisha akawaita wazee wa Kikureshi wakaafikiana arudi. Abu Ubayda, naye ni mtu ambaye sisi hatufiki hata kwenye vumbi la viatu vyake, alimuuliza kama aikimbia kadari ya Mungu. Umar akamjibu kuwa aikimbia kadari aende katika kadari, akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeshuka kwenye bonde lenye pande mbili, moja ya malisho na moja kame; popote atakapolisha amelisha kwa kadari. Kisha akaja Abdulrahman bin Auf, aliyekuwa hayupo, akasema kuwa amemsikia Mtume akikataza kuingia katika nchi yenye tauni na kukataza kutoka humo kwa kuikimbia.

Na atazame msomaji katazo hilo lilivyo na pande mbili. Kutoingia ni kuihifadhi nafsi yako. Kutotoka ni kuwahifadhi wengine, hata kama wewe nafsi yako yatamani kutoka. Dini haikutwambia tu tujikinge. Imetwambia tusiwe sisi ndio njia. Na katika hadithi iliyo sahihi mwenye ngamia wagonjwa amekatazwa kuwapeleka kwa mwenye ngamia wazima. Ama ile hadithi nyingine ambayo wazee wetu huisoma barazani, ya kuwa hapana kuambukizana, maulamaa wameifasiri kwamba ugonjwa hauna nguvu ya nafsi yake kama walivyoamini Waarabu wa ujahili. Hawakuifanya kuwa ruhusa ya kuchanganya wazima na wagonjwa. Ibn al-Khatib wa Granada aliiona tauni ya karne ya kumi na nne ya miladi na akaandika wazi kuwa kuambukizana ni jambo lililothibiti kwa macho na majaribio. Si fikira ya Wazungu hiyo.

Lakini tuwe waadilifu. Chuki ya watu wetu juu ya kanuni hizi haikutoka hewani. Kipindupindu kilipozuka Makka mwaka 1865 na kikaenea mpaka Ulaya, dola kubwa zilikutana Istanbul mwaka 1866, na baada ya hapo mahujaji wakawa wakishushwa katika karantini za Kamaran na Tur, wakalipishwa, wakafukizwa dawa wao na nguo zao, na wengi katika wale waliopanga kanuni walikuwa na shughuli zaidi na biashara zao kuliko roho za mahujaji. Na karibuni tu, mwaka 2021, nchi nyingi za Afrika zilipewa chanjo ya korona iliyotengenezwa India, kisha nchi kadhaa za Ulaya zikasita kuikubali chanjo hiyo hiyo katika vyeti vyao, na Uingereza ikawa haikikubali cheti cha mtu aliyechanjwa Nairobi ingawa chanjo yenyewe baadhi yake ilikuwa zawadi yake. Mwenye kuona kuwa hiyo ni dhuluma, sisi tu pamoja naye. Dhuluma ya namna hiyo hupingwa kwa kusema na kuandika, na serikali zetu zilisema na baadhi ya makosa yakarekebishwa. Haipingwi kwa kumdanganya karani wa Lwakhakha, ambaye yeye hakuwako Istanbul wala London.

Tena wako wenye shaka ya kilichomo ndani ya sindano. Chanjo ya homa ya manjano hukuzwa katika mayai ya kuku, na katika hilo hapana neno. Baadhi ya chanjo nyingine, na baadhi ya namna za hii, hutiwa jelatini, ambayo yaweza kuwa imetoka katika mnyama asiyekuliwa. Jambo hili lilichunguzwa na wanavyuoni pamoja na matabibu walipokutana Kuwait mwaka 1995, wakaona kuwa kitu kilichogeuka dhati yake hukmu yake hugeuka, mfano wa mvinyo uliokuwa siki. Mwenye kutosheka na hayo na atosheke. Na asiyetosheka na aulize aina nyingine, kwani zipo zisizo na jelatini.

Na wako wenye udhuru wa kweli. Chanjo hii ni ya virusi hai vilivyodhoofishwa, kwa hivyo haifai kwa kila mtu: mtoto mchanga, mwenye kudhuriwa vikali na mayai, mwenye kinga dhaifu ya mwili kwa ugonjwa au kwa dawa anazotumia; na aliyepita umri wa miaka 60 akichanjwa kwa mara ya kwanza khatari yake ni kubwa kidogo kuliko ya kijana, basi tabibu hupima. Kanuni za kimataifa zenyewe, zilizoanza kutumika mwaka 2007, zimeweka nafasi ya tabibu kumwandikia mtu wa namna hii cheti cha udhuru, akaeleza kuwa hakuchanjwa na kwa nini. Tazama basi: mlango wa ruhusa uko wazi, kama ulivyo kwa mgonjwa katika saumu ya Ramadhani, na mwenye kupita hapo hupita na ukweli wake mkononi. Mzee aliyenunua kadi kwa kuogopa sindano alikuwa na haki ya kuambiwa haya, na tabibu aliyemuuzia badala ya kumpima amemdhulumu mara mbili. Katika dhambi hii twaona muuzaji ni mkubwa kuliko mnunuzi. Mnunuzi amedanganya mara moja. Muuzaji ameugeuza muhuri wa amana kuwa duka.

Turudi katika ardhi ile ya Lwakhakha kwa jambo moja zaidi. Mlima Elgon na pande zake una maradhi ambayo hayana kadi. Mwaka 1980 mtu mmoja aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha sukari cha Nzoia alikufa kwa homa ya Marburg baada ya kulizuru pango la Kitum lililo katika mlima huo upande wa Kitale. Mwaka 1987 akafa kijana mmoja mgeni aliyelizuru pango lile lile. Na mwaka 2017 homa hiyo ikatokea wilaya ya Kween, upande wa Uganda wa mlima. Kisha tarehe 30 Januari 1925 tungesema ni hadithi ya zamani, lakini ilikuwa ni 2025: Uganda ilitangaza Ebola ya namna ya Sudan, na yule wa kwanza kufa, muuguzi wa Kampala, alikuwa ametafuta matibabu mpaka Mbale. Mbale hiyo hiyo ya wanafunzi wetu. Mpaka ulipotangazwa kwisha tarehe 26 Aprili, ugonjwa ule haukuwa na chanjo iliyothibitishwa. Palikuwa na majaribio tu. Msafiri angeulizwa nini, basi, akifika mpakani? Angeulizwa: una homa? Umemgusa mgonjwa? Umehudhuria maziko? Na hapo pasipo na sindano wala kadi, kinga yote ya nchi hukaa juu ya ulimi wa mtu mmoja aliyechoka na safari na anayetaka kufika kwao. Mwenye kumeza vidonge vya kuteremsha homa ili kipimo kisimkamate ameua au amejaribu kuua. Hatuoni jina jepesi kuliko hilo.

Tena kuna mtu mmoja wa pwani yetu, pwani ya juu ya Wabenadiri, ambaye khabari yake yapasa kujulikana na kila nyumba. Ali Maow Maalin alikuwa mpishi wa hospitali ya Merca, kaskazini ya Barawa si mbali, na kwa muda alipata kufanya kazi katika kampeni ya kuwachanja watu ndui. Watu walimhisabu kuwa ni mtu wa chanjo. Lakini yeye mwenyewe hakuwa amechanjwa. Alisema baadaye kuwa aliogopa maumivu. Mwezi wa Oktoba mwaka 1977 alipanda gari kumwonyesha dereva njia, na garini walikuwamo watoto wawili wenye ndui. Safari fupi. Akaugua, na wenyewe wa hospitali kwanza wakadhani ni malaria, kisha tetekuwanga, kwani nani atashuku ndui kwa mtu wa hospitali? Ilipojulikana, walichanjwa mjini Merca watu zaidi ya 50,000 katika siku chache ili kuuzima moto wa mtu mmoja. Akapona, wala hakumwambukiza mtu, kwa rehema ya Mungu. Na yeye ndiye mtu wa mwisho duniani kupatwa na ndui kwa njia ya kawaida. Baada ya miaka mingi alijiunga na kampeni ya kuwachanja watoto polio, akawa akiwaeleza wazazi yaliyompata yeye, na alikufa katika kazi hiyo mwaka 2013 kwa malaria. Huyu hakununua kadi. Lakini watu walimdhania kuwa ana kinga ambayo hana, na dhana hiyo ndiyo iliyotaka kuiangamiza Merca. Mwenye kadi ya kununua huisimamisha dhana hiyo kwa makusudi, na kwa muhuri.

Limebaki swali la mwisho, na aliyeliuliza aliuliza kwa sauti ya chini. Mahujaji hutakiwa chanjo ya homa ya uti wa mgongo, kwa sababu ugonjwa huo ulizuka katika Hija ya mwaka 1987, na ukazuka tena kwa namna nyingine mwaka 2000 na 2001. Nayo hutakiwa iwe imechanjwa siku 10 au zaidi kabla ya kufika Saudia. Je, aliyekwenda Hija na cheti cha kununua, Hija yake imesihi?

Twasema, kwa yale tuliyoyasoma katika madhehebu ya Imamu Shafi: nguzo zake akizitimiza, Hija imesihi, na fardhi imemwondokea, kama isihivyo sala ya mtu aliyesali katika ardhi ya kunyang'anya, naye ana dhambi ya kunyang'anya. Lakini toba ya dhambi iliyogusa haki za waja ina sharti la kumrudishia mwenye haki haki yake au kumwomba radhi, na katika jambo hili wenye haki ni wale waliolala naye hema moja Mina, na waliobanana naye katika tawafu, Mhausa na Mjava na Mturuki, ambao hatawaona tena mpaka Siku ya Kiyama. Hana pa kuwapata. Twaona limlazimulo ni kuichana kadi ile, achanjwe chanjo ya haki kabla ya safari nyengine, asimfichie muuzaji, na amkataze kila amwonaye akielekea dukani kwake.

Na vijana wanaojitayarisha kwa muhula wa Mbale nawahesabu siku. Cheti cha homa ya manjano hakitambuliwi ila baada ya siku 10 tangu kuchanjwa, na tangu Julai 2016 kikishatambuliwa hakina mwisho, hata kama kadi ya zamani imeandikwa miaka 10. Basi asingoje mtu mpaka basi limekwisha kukatiwa tikiti, kisha akasema kuwa dharura ndiyo iliyomlazimisha. Wazazi wao nao, wakati watoto wangali safarini, na wayafunike mabirika.